Tazama Picha: Bwana Andrews na Shamba Lake

Safu hii mnaijua: sisi watatu, mmoja Louisville, mmoja Columbus na mmoja Buffalo, tunachagua picha moja, tunaitazama kwa Kiswahili kabla ya kusoma lolote kuihusu kwa Kiingereza, kisha tunabishana kwenye simu mpaka mtu aseme ana mtihani kesho asubuhi.

Safari hii picha ilitokana na swali la darasani. Mmoja wetu alikuwa katika somo la tafsiri, na mwalimu akauliza: yule bwana wa Kiingereza wa karne ya 18, aliyeishi kwa mapato ya ardhi yake bila kushika jembe, aliyewinda na kufuga mbwa, aliyeheshimiwa na kijiji kizima kwa sababu kijiji kizima kilikuwa chake, mtamwitaje kwa Kiswahili? Kimya. Mwanafunzi mmoja wa nyuma akasema "bwana shamba", na mwalimu akacheka mpaka akavua miwani. Kwa wale ambao hawakukulia Tanzania wala Kenya: bwana shamba ni ofisa wa kilimo, yule anayekuja na pikipiki na mabuti ya mpira kukuonyesha namna ya kupanda mahindi kwa mstari.

Tukaona afadhali tumtafute bwana mwenyewe kwanza, jina lije baadaye.

Tumempata London, katika National Gallery. Picha inaitwa Mr and Mrs Andrews, na ilichorwa kwa rangi za mafuta na Thomas Gainsborough karibu mwaka 1750. Ni ndogo kuliko mnavyofikiri, karibu sentimita 70 kwa 119, haifiki hata upande mmoja wa kanga. Upande wa kushoto kuna mti wa mwaloni wenye shina nene. Chini yake kuna benchi lenye miguu ya kujipindapinda, na hapo ameketi Bibi Andrews, gauni lake la samawati iliyopauka limetanuka huku na huku kama kwamba amefunika vyungu viwili. Ana kofia ya majani makavu na viatu vya waridi vyenye ncha. Pembeni yake amesimama mume, miguu ameipishanisha, mkono mmoja mfukoni, bunduki ya kuwindia kwapani. Koti halikufungwa vizuri. Tunadhani ni makusudi, kama vijana wanaoacha kamba za viatu wazi. Mbwa anamtazama bwana wake. Wao wawili wanatutazama sisi, na macho yao ni ya watu waliomwona mgeni akivuka mpaka bila kubisha hodi.

Halafu nusu ya kulia yote haina mtu. Ni shamba. Mbele kuna miganda ya ngano imefungwa na kusimamishwa, na mashina yaliyokatwa yamebaki katika mistari iliyonyooka. Nyuma yake kuna malisho, kondoo ndani ya uzio, miti, vilima, na mawingu mazito kama ya mvua ya alasiri. Mchoraji yeyote aliyelipwa kuchora watu angewaweka katikati. Gainsborough amewasukuma pembeni, shamba likakaa kama ndugu wa tatu.

Mambo machache tuliyosoma baada ya kutazama. Robert Andrews alikuwa na miaka kama 25, na mkewe, Frances Carter, kama 18. Walifunga ndoa Novemba 1748, bibi arusi akiwa na miaka 16. Mchoraji mwenyewe alikuwa kijana wa miaka 23 hivi. Yaani picha nzima ni ya watu wa rika letu. Gainsborough na Andrews walitoka mji mmoja, Sudbury, katika jimbo la Suffolk, na walisoma shule moja. Baba yake Gainsborough alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa aliyefilisika. Kwa hiyo mmoja alirithi shamba, mwingine akalipwa kulichora. Maisha yake yote Gainsborough alipenda kuchora mandhari, miti na njia za mashambani, lakini fedha ilikuwa katika nyuso za matajiri. Hapa alipata nafasi ya kufanya yote mawili kwa bei moja, na tunadhani unaona mahali moyo wake ulipokuwa.

Sasa ile bunduki. Sisi tulidhani ni pambo. Lakini sheria ya Uingereza ya mwaka 1671 iliruhusu uwindaji kwa watu wachache tu, hasa wenye ardhi ya kuwaingizia angalau pauni 100 kwa mwaka. Mkulima wa kawaida hakuruhusiwa kumpiga sungura aliyekula kabichi zake mwenyewe. Bunduki kwapani ni cheti. Ile mistari ya mashina nayo inaonyesha kwamba ngano ilipandwa kwa mashine ya kupandia mbegu, teknolojia ya kisasa ya wakati huo (bwana shamba angefurahi sana). Na ule uzio wa kondoo ni habari ya kizazi kizima: katika miaka ile Bunge la Uingereza lilikuwa linapitisha sheria moja baada ya nyingine za kuzungushia ua ardhi ambayo wanavijiji walikuwa wakiitumia kwa pamoja, kulisha ng'ombe na kuokota kuni. Ndoa ya hawa wawili nayo iliunganisha ardhi ya familia mbili, na kwa sheria ya wakati huo mali ya mke ilikwenda mikononi mwa mume.

Mwaka 1972 mwandishi John Berger alisema katika televisheni ya BBC, na katika kitabu chake Ways of Seeing, kwamba hawa wawili ni wenye ardhi kwanza, na kwamba jinsi wanavyosimama na kutazama inaonyesha umiliki wao. Wataalamu wengine walikasirika, wakasema mtu anaweza kupenda uzuri wa maumbile hata kama ana hati ya shamba. Mwenzetu wa Columbus yuko upande wa wataalamu. Anasema jioni ya mavuno ni nzuri kwa kila mtu. Wa Buffalo anamjibu kwamba jioni ya mavuno mvunaji amechoka, mgongo unamuuma, na hayumo katika picha.

Hilo ndilo jambo la kwanza lililoonwa na mama yake mwenzetu wa Louisville, ambaye hajawahi kumsikia huyo Berger. Tulimwonyesha picha kwenye simu, jikoni, akiwa anasonga ugali. Akaikuza kwa vidole viwili, akaitembeza kutoka kushoto kwenda kulia. "Ile shamba ni kubwa sana," akasema. "Sasa wenye kulima wako wapi? Wamewatosha mu foto?" Kisha akarudi kwa Bibi Andrews: "Na huyu mama wamemukalisha tu pale. Mikono yake inashika nini?"

Swali la mikono ni zuri kuliko alivyojua. Mapajani mwa Bibi Andrews kuna sehemu ambayo Gainsborough hakuimaliza. Ukiangalia kwa karibu ni rangi tupu, doa lenye umbo lisiloeleweka. Wengine husema alikusudia kuchora ndege aliyewindwa na mume, wengine kitabu, wengine mtoto ambaye angezaliwa baadaye. Picha ilikaa katika ukoo wa Andrews mpaka 1960, ilipouzwa kwa National Gallery, na katika miaka yote hiyo nafasi ile ilibaki wazi.

Turudi kwenye jina. Mwenzetu wa Columbus alipendekeza "kabaila". Neno lina nguvu, limo katika siasa za Tanzania ya Azimio la Arusha la 1967, pamoja na bepari na mnyonyaji. Lakini kabaila ni neno la kumtukana mtu, na Bwana Andrews hakuning'iniza picha ukutani ili atukanwe. "Mwinyi" lina harufu ya pwani na ya umiliki, ila nalo linamvalisha kanzu. "Mwenye shamba" ni sahihi na halina ladha. Likabaki "mwungwana", na hapo ndipo simu ilipochukua saa mbili.

Pwani ya zamani mwungwana alikuwa mtu huru, wa ukoo unaojulikana, mwenye nyumba ya mawe au angalau jamaa mwenye nyumba ya mawe, mwenye adabu katika kusema na kula. Kinyume chake kilikuwa mtumwa. Na mwungwana wa Unguja au wa Malindi wa karne ya 19 mara nyingi alikuwa na shamba, la mikarafuu au la nafaka, lililolimwa na wasiohesabiwa kuwa waungwana. Kama Gainsborough angezaliwa Unguja angepata kazi nyingi. Mpaka hapo neno linamfaa Bwana Andrews kama glavu.

Lakini neno halikukaa pwani. Wapagazi na askari wa misafara iliyotoka Zanzibar kwenda Ujiji, Manyema na Kasongo nao walijiita waungwana, na wengi wao walikuwa watumwa au watumwa wa jana. Walibeba pembe za ndovu, bunduki na marobota ya vitambaa, hawakuwa na shamba hata la upana wa mkeka, na wakajiita watu huru kwa sababu walikuwa mbali na nyumbani na hakuna aliyewapinga. Kiswahili walichokiacha huko ndicho kilichoitwa Kingwana, lugha ya waungwana. Ndiyo lugha ya mama aliyeuliza "wamewatosha mu foto". Ndiyo tuliyokuja nayo wengi wetu kutoka Kivu, au kutoka kambi ya Nyarugusu, na ndiyo inayopigiwa mstari mwekundu katika insha zetu. Walimu wetu wapendwa, hatulalamiki sana. Tunakumbusha tu maana ya jina.

Wala hatutaki kuipamba historia. Bwana wa misafara ile aliyejulikana kuliko wote, Tippu Tip, alirudi Unguja na mali iliyotoka katika misitu ya wazee wetu, akaitia katika mashamba ya mikarafuu yaliyolimwa na watumwa. Huyo ni Bwana Andrews kamili, na kitambulisho cha uungwana wake kilikuwa kilekile.

Gainsborough alichora picha nyingine ambayo imetusaidia zaidi, na hiyo haiko mbali. Imo Ottawa, katika National Gallery of Canada, mwendo wa saa tano na zaidi kwa gari kutoka Buffalo (ukiwa na pasipoti; asiye nayo anaitazama Kanada ng'ambo ya mto Niagara tu). Ni picha ya Ignatius Sancho, Mwafrika aliyekuwa mtumishi katika nyumba ya ukoo wa Montagu. Ilichorwa mjini Bath tarehe 29 Novemba 1768, na kumbukumbu zinasema kazi ilichukua saa moja na dakika arobaini. Sancho amevaa kizibao chekundu chenye ukingo wa dhahabu, mkono mmoja ameuingiza ndani ya kizibao, kama waungwana wa Kiingereza walivyopenda kuchorwa. Hakuvishwa sare ya utumishi. Nyuma yake hakuna shamba, hakuna mti, hakuna mbwa, ni rangi ya kahawia tu. Uso umekuja mbele kabisa. Bwana Andrews unamkumbuka kwa koti na bunduki; Sancho unakumbuka jinsi anavyokaribia kutabasamu.

Baadaye, mwaka 1774, Sancho alifungua duka Westminster, na kwa kuwa sasa alikuwa na makazi yanayotosha kisheria, alipiga kura katika uchaguzi wa Bunge wa 1774 na wa 1780. Angalia: hata kura ilihitaji mlango wako na paa lako. Dukani aliuza chai, sukari na tumbaku. Sukari na tumbaku za wakati ule zililimwa na watu waliotekwa kutoka bara alikotoka yeye, jambo ambalo lazima alilijua kila alipopima ratili moja. Alifariki Desemba 1780, na barua zake zilichapishwa mwaka 1782.

Jengo hilohilo la Ottawa lina kitu kingine ambacho kingemchekesha mama wa Louisville. Msanii Yinka Shonibare, aliyezaliwa London mwaka 1962 na kukulia Lagos, alitengeneza mwaka 1998 sanamu za Bwana na Bibi Andrews. Benchi lipo, bunduki ipo, mbwa yupo. Vichwa havipo. Na nguo zao, zilizoshonwa kwa mtindo uleule wa karne ya 18, ni za kitenge! Kitenge hiki cha waksi tunachokiita chetu kilianza kama biashara ya Waholanzi walioiga batiki za Java, kikapata soko Afrika Magharibi, kikatufikia sisi na kuvaliwa katika kila harusi kutoka Bukavu mpaka Buffalo. Wengi wanazungumzia vichwa vilivyokatwa. Sisi tuliona kwanza kwamba shamba limeondolewa. Bwana Andrews bila ngano yake amekuwa mtu amesimama na mbwa katika chumba kitupu, na hajui aweke wapi mkono.

Ukitaka kuona jambo linalofanana bila kuvuka mpaka, nenda Columbus Museum of Art ukaulizie picha ya Kehinde Wiley ya mwaka 2006, Portrait of Andries Stilte II. Kijana mweusi wa leo, kwa nguo za mtaani, amesimama kwa madaha yaleyale ya mbeba bendera wa Kiholanzi aliyechorwa na Verspronck mwaka 1640. Nyuma yake ni maua na mapambo kama ya kitambaa. Ardhi hakuna.

Na Louisville? Huko shamba lenyewe lipo. Farmington ilikuwa mali ya ukoo wa Speed, ekari 550, nyumba yake ya matofali ilikamilika mwaka 1816, na sasa ni makumbusho. Walilima ile katani ya jamii ya bangi, ambayo nyuzi zake husokotwa kamba, na kazi ilifanywa na watu weusi karibu 60 waliokuwa watumwa. Kijana mmoja wa ukoo huo alikuwa rafiki wa Abraham Lincoln, aliyekuja kukaa hapo mwaka 1841. Jina Speed ndilo lililo juu ya mlango wa makumbusho ya sanaa yaliyo jirani na Chuo Kikuu cha Louisville. Hatusemi msiende, nendeni. Katika hazina yake kuna picha ya Breonna Taylor iliyochorwa na Amy Sherald, ambayo makumbusho hayo yanaimiliki pamoja na Smithsonian. Gauni lake ni la rangi ya feruzi na nyuma yake ni feruzi tupu.

Mwenzetu wa Buffalo alinyamaza muda mrefu tulipofika hapa, kisha akatueleza habari za baba yake. Walitoka upande wa Fizi. Shamba lilikuwepo, la mihogo na migomba, na karatasi haikuwepo, kwa sababu pale kijijini hakuna aliyewahi kuhitaji karatasi: mpaka ni kijito, kisha mti wa avoka, kisha kaburi la babu. Sheria ya ardhi ya Julai 1973, enzi za Zaire, ilitamka kwamba udongo wote ni mali ya Dola. Watu waliendelea kulima kwa desturi, na mti wa avoka ukaendelea kuwa hati. Siku mtu mwingine akija na karatasi, au na bunduki ambayo si ya kuwindia ndege, mti hauwezi kwenda mahakamani. Mwaloni wa Bwana Andrews, kwa taarifa yenu, bado umesimama mpaka leo.

Siku hizi huyo baba ana kipande cha bustani ya jamii mjini Buffalo, si kikubwa kuliko sebule, na analima lengalenga na maharage kuanzia Mei, theluji ikishaisha. Mwenzetu alimwuliza kama mchoraji angekuja, angependa achorwe vipi: amekaa, amesimama, na suti, na mbwa? Akafikiri kweli, hakuchukulia kama mzaha. "Miye usinichore," akasema. "Uchore ile shamba ya kule, na watu wenye walikuwa wanalima. Nitakuambia majina."

Kuhusu tafsiri, kura zetu ni hizi: Columbus anabaki na kabaila, Buffalo anasema mwenye shamba yatosha, Louisville anasema mwungwana, lakini kwa ajili ya Sancho, na Bwana Andrews atafutiwe lingine. Ukiwa na neno lililo bora, hasa kama umelisikia kwa wazee na hulioni katika kamusi, tuletee kabla ya toleo lijalo. Toleo hilo tutakaa Buffalo, katika hazina ya Buffalo AKG, kuna picha ya William Hogarth ya mwaka 1759, The Lady's Last Stake: mama mwenye mume amecheza karata na afisa kijana mpaka amepoteza kila kitu, na sasa kijana anamwambia kuna njia moja ya kurudishiwa. Itazameni kwanza. Msisome.